Mtwara mjini, nusu saa kwa siku: nikae wapi, saa ngapi, nitazame nini?

Kijana_wa_Ligula

Wakuu, habari za humu.

Naomba msaada kwa wanaolijua jambo hili kwa undani. Ushauri wa kutuliza akili kwa kutazama maumbile umejaa mtandaoni, ila karibu wote unahusu maporomoko ya maji, milima yenye theluji na misitu ya nchi za baridi. Sisi huku tuna bahari, mikoko, mikorosho na mchanga. Mtu anayefanya kazi ndani ya jengo kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, aliye na nusu saa ya alfajiri au ya jioni na asubuhi ya Jumapili, aanzie wapi?

"Nenda ufukweni ukapumzike" haitoshi. Ningependa kujua mahali, saa na kitu chenyewe cha kutazama. Pia kwa nini baada ya dakika tano mtu huchoka na mkono kwenda mfukoni kutafuta simu? Sina darubini wala usafiri.

---

Kibarazani

Karibu mkuu. Hizo dakika tano zina sababu mbili. Kwanza, mtu anakaa akingoja uzuri umjie, akili haina kazi yoyote, basi inajitafutia kazi kwenye simu. Pili, kufika kwako kumefukuza kila kiumbe. Ndege, mijusi na kaa wakiona mtu anakuja hunyamaza au hujificha, na huchukua dakika 10 hadi 15 za wewe kutulia ndipo warudie shughuli zao. Anayeondoka mapema hajaona chochote kwa sababu hakikuwepo cha kuona.

Chagua mahali pamoja, pasipozidi mwendo wa dakika tano kwa miguu kutoka unapolala. Mwembe wa uani unatosha, hata mgomba wenye ua nyuma ya jiko, maana ndege waitwao chozi hawachezi mbali na ua la mgomba. Ukichagua ufukwe wa mbali kama Msimbati utaenda mara moja kwa mwaka, na ladha ya jambo hili iko kwenye kurudi palepale: siku ya kumi unagundua kwamba ndege yuleyule anatua tawi lilelile, na siku asipotua unaona pengo lake.

Nusu saa igawe hivi. Dakika tano za mwanzo fumba macho usikilize. Anza na sauti ya mbali kabisa unayoweza kuipata, halafu ya kati, halafu iliyo karibu na sikio. Ukianza na ya karibu, ya mbali hutaisikia tena. Dakika tano zinazofuata fumbua macho bila kuyakaza, tazama mbele ila fuatilia kinachotikisika pembeni. Kisha chukua kitu kimoja, kimoja tu, usikiache mpaka kitende jambo. Tawi lenye ndege mnana, shimo la kaa, jani lenye sisimizi. Mwishoni andika mstari mmoja: tarehe, saa, upepo unatoka wapi, kilichotendeka. Mstari mmoja. Ukianza kuandika kurasa utaacha ndani ya wiki mbili.

Simu zima mtandao, tega kengele ya dakika 30, iweke kwenye mfuko ambao kuufungua ni kazi. Picha usipige kabla ya dakika 15 kuisha. Jicho likishapiga picha hujiona limemaliza.

Saa nazo huhama, watu wengi hawalitilii maanani. Mtwara katikati ya Juni jua huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika 35 asubuhi. Mwanzoni mwa Novemba huchomoza saa kumi na moja na dakika 48. Anayetoka saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, Juni analikuta ndiyo linachungulia, Novemba analikuta lishapanda na ndege wameshapunguza kuimba.

---

Mzee_Mikindani

Mwanangu, asubuhi yako ya Jumapili ipeleke kwenye mikoko. Panda daladala za Mikindani, ni kama kilomita 10 tu, mikoko utaiona kwenye ukingo wa ghuba. Lakini usiende bila kujua maji.

Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, siku moja au mbili baadaye ndiyo bamvua yenyewe. Siku hizo maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na pwani yetu hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Ndiyo saa yako. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: yanapwa kama saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, ila hayaendi mbali. Kwa sababu bamvua hurudi baada ya siku 14 na kitu, Jumapili moja ikiwa nzuri, ile ya wiki mbili mbele nayo itakuwa nzuri, maji yakiwahi kidogo tu kuliko mara iliyopita.

Ingia saa moja na nusu kabla ya kupwa kabisa, ukiyafuata maji yanavyotoka. Yakigeuka, nawe geuka. Wageni hudanganywa na saa ya kwanza, maana maji hupanda sehemu moja tu kati ya 12 ya kimo chote. Saa ya pili sehemu 2. Saa ya tatu na ya nne ni sehemu 3 kila moja, yaani nusu nzima ya maji huja ndani ya saa mbili, na kijito ulichokiruka asubuhi hukiruki tena. Vaa viatu vilivyofunika vidole, vya kufunga kamba. Kandambili hubaki kwenye tope, na chaza walioshika mizizi hukata nyayo.

Sasa cha kutazama. Upande wa bahari utakutana na mlilana, ndani yake mkoko wenye mizizi ya kujitegemeza, karibu na nchi kavu mkandaa. Mchu utauona pande zote mbili. Simama kwenye mkoko utafute mche unaoning'inia. Mti huu haudondoshi mbegu, unaotesha mche ungali tawini, na mche hufikia nusu mita na kuzidi. Pale mche unapoungana na tunda, juu kabisa, angalia kama kuna pete ya rangi ya njano. Ikiwa ipo, mche umekomaa, upo karibu kuanguka. Ikiwa haipo, bado. Mti mmoja utakuta yenye pete na isiyo nayo, ukikaa unaanza kuipanga kwa umri bila mtu kukufundisha. Usiichume.

Mchu ulambe. Jani lake hutoa chumvi, na asubuhi kavu za kipupwe punje zake unaziona kwa macho juu ya jani. Baada ya mvua hutaziona, zimeoshwa.

Kisha tafuta kipande cha tope chenye mashimo ya kaa, tope lenye jua. Chuchumaa hatua mbili tatu pembeni, jua likiwa upande wako wa kulia au kushoto, ili kivuli chako kisiwaangukie. Wataingia wote. Usisogee hata mkono. Baada ya dakika kadhaa hutoka kaa wadogo, na dume utamjua kwa gando moja kubwa kuliko mwili. Hilo hali nalo. Anachota tope kwa gando dogo, anapeleka mdomoni, anachuja chakula, halafu anatema kidonge cha tope na kukiweka chini. Jike ana magando madogo mawili, anakula kwa yote mawili. Dume akimwona jike hulipandisha gando kubwa na kulishusha. Mfuate dume mmoja tu kwa robo saa. Ukianza kurusha macho kwa wote, utaona vurugu tupu.

Tondo, wale konokono wa mikokoni, utawakuta wamelizunguka jani lililoanguka, wanalila. Hao hawana haraka, ni wazuri kwa siku ambayo akili imechafuka.

---

Kijana_wa_Ligula

Shikamoo mzee, nashukuru sana. Kwa hiyo nikitoka kazini jioni siku ya bamvua nisiende?

---

Mzee_Mikindani

Marahaba mwanangu. Jioni ya bamvua, saa kumi na moja, maji yamejaa pomoni. Kwenye tope hakuna kitu, lakini ukingo wa bahari wa Shangani, hapo Mtwara mjini, unafaa: ndege wa pwani hukosa mahali pa kulia chakula wakasogea juu, wakajikusanya mchangani kungoja maji yatoke. Kuanzia Septemba mpaka Aprili huwa wengi kwa sababu wageni wa kaskazini wamekuja, sululu wakiwemo. Kaa chini, usisimame. Mtu aliyekaa anavumilika, aliyesimama anawaondoa. Na mtoto au mbwa akiwakimbiza, ndege hupoteza nguvu za safari, basi wazuie kwa upole.

---

BintiMkorosho

Naongezea upande wa shamba, kwa sababu watu wengi wa Mtwara na Lindi wana mkorosho karibu kuliko bahari, na hawautazami mpaka siku ya kuokota.

Mkorosho huchanua kuanzia Juni hadi Septemba hivi. Sogeza uso kwenye shada moja la maua asubuhi, saa mbili au tatu. Maua ni madogo, yaliyofunguka leo ni meupe yenye mistari ya waridi, na ya siku zilizopita yamegeuka mekundu kabisa. Shada moja lina ya jana, ya leo na matumba ya kesho. Chagua shada, lifunge uzi kwenye kikonyo chake bila kukaza, na ulitembelee kila baada ya siku tatu. Mengi yatapukutika, usiogope, mengi ni madume. Yatakayobaki yatatoa korosho kwanza. Inakua mpaka inafika ukubwa wake, bibo likiwa bado ni kikonyo tu. Ndipo bibo linavimba. Watu wamekula mabibo tangu utotoni bila kuuona mpangilio huu, na uzi mmoja unaufichua.

Tahadhari: miezi hiyohiyo ndiyo ya kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na wengine hupuliza viuatilifu vya maji. Ukiona vumbi la njano kwenye majani au ukisikia mashine shambani, usiingie siku hiyo. Salfa inawasha macho vibaya. Upulizaji huanza mapema sana kabla upepo haujaamka, kwa hiyo uliza mwenye shamba siku moja kabla.

Kitu cha pili, na kwangu ndicho bora kuliko vyote kusini: maji moto. Ni wale chungu wekundu wanaojenga viota kwa majani mabichi kwenye mikorosho, miembe na minazi. Wengi huwaogopa tu. Tafuta kiota ambacho majani yake bado ni mabichi na mapengo hayajafunikwa, hicho bado kinajengwa. Simama umbali wa mkono mmoja, jua likiwa nyuma ya kiota, usiuegemee mti na usikanyage njia yao shinani.

Utaona safu ya chungu wameshika ukingo wa jani moja kwa taya, miguu yao ya nyuma imeshika jani jingine, wanavuta. Pengo likiwa pana hushikana viunoni wakafanya mnyororo. Yakishakutana, wanatoka wengine kutoka ndani, kila mmoja amebeba buu mweupe mdomoni. Buu huyo ndiye mwenye uzi. Chungu anamgusisha kichwa ukingo huu, anampeleka ukingo wa pili, anarudi, na uzi wa hariri unabaki nyuma. Ukitazama kwa dakika 20 unaona utando mweupe unazidi kuwa mzito mpaka huoni tena ndani. Kila jani la kiota lilishonwa hivyo.

Makosa yanayoharibu: kukipulizia pumzi au kukigusa. Wakishtuka huacha kazi yote, hujaa juu ya majani wameinua matumbo, na hawarudi kushona upesi. Wakikupanda, wapanguse kwa kiganja, usiwasage, ukiwasaga wanatoa harufu inayoita wenzao. Na tafadhali msivichome moto viota. Maji moto wanawinda mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi na korosho changa. Mkorosho wenye maji moto una askari wake.

Kama unataka kuona karibu zaidi, kioo cha kukuzia cha mara 10 kinatosha. Kiweke karibu na jicho kabisa, kisha sogeza ua mpaka lifike sentimita 2 na nusu kutoka kwenye kioo. Wengi hukishika mbali kama kurunzi, wakaona ukungu. Kwa chungu usikitumie, utaumwa pua.

---

Lindi_Juu

Nami naingia kwa upande wa anga, kwa kifupi.

Simamisha kijiti kilichonyooka uani. Kila mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na 22 Februari, jua la Mtwara hupita utosini kabisa na kijiti hukosa kivuli. Lindi mjini ni tofauti ya siku moja hivi, kwa kuwa iko kaskazini kidogo. Oktoba hutokea kama saa sita na dakika 4 mchana, Februari kama saa sita na nusu. Kinyooshe kwa uzi wenye jiwe, kikiinama kidogo tu utaona kivuli ukadhani tarehe imekosewa. Huu ni wakati wa mapumziko ya chakula, hauhitaji kuomba ruhusa kazini.

Usiku: macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 gizani ndipo yaone nyota hafifu, na kuwasha simu mara moja tu kunakurudisha mwanzo. Juni hadi Agosti ule mkanda mweupe wa nyota hupita juu ya kichwa mapema usiku. Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, mtafute Novemba, anachomoza mashariki jua linapozama na anakesha nawe. Mei hutamwona, yupo upande wa jua, na kuanzia katikati ya Juni hurudi alfajiri mashariki. Wazee walisema "kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua", na ukifuata tarehe hizo kwa huku kwetu inakaa sawasawa: huzama mvua za mwisho zikinyesha, huzuka kipupwe.

Miezi ya tanga mbili, pepo za kusi na kaskazi zinapopokezana, bahari ikitulia na mwezi haupo, chovya mkono majini ukiwa gizani na uukoroge. Mara nyingi maji hutoa cheche za buluu. Ni viumbe vidogo mno vinavyotoa mwanga vikitikiswa. Penye taa za barabarani huoni.

---

Kibarazani

BintiMkorosho, huo uzi wa kwenye shada ni jambo zuri sana. Ningependa tu kumwonya mwuliza swali asianze na majina. Mtu akishajua "huyu ni mnana" huacha kumtazama.

---

BintiMkorosho

Hapo sikubaliani nawe kaka. Asiye na jina la mchu na la mkandaa ataona "mikoko" tu mpaka anazeeka. Jina linakupa mahali pa kuweka ulichokiona jana ili leo ukiongezee. Labda tukutane hivi: tazama kwanza, andika dalili tatu (rangi, ukubwa ukilinganisha na njiwa, anachofanya), halafu ndiyo ukaulize jina kwa wavuvi au wakulima. Wao wana majina ya Kimakonde na Kimwera hata kwa vitu ambavyo Kiswahili cha mjini hakina.

---

Kibarazani

Kwa mpangilio huo nakubali.

---

Mama_Chikongola

Mmesahau mbuyu! Kuanzia Oktoba hadi Desemba tafuteni mbuyu wenye matawi yaliyoinama. Ua lake hufunguka jioni jua likielekea kuzama, na hufunguka kwa kasi ambayo jicho linauona mwendo wenyewe, jambo ambalo ni nadra kwa maua. Fikeni kama saa kumi na moja na nusu. Tumba ni la kijani, la duara, linaning'inia; lililo na ufa unaoonyesha weupe nchani ndilo la jioni hiyo, mengine msipoteze muda nayo. Ganda linapasuka na kujikunja nyuma, petali nyeupe zinajitandaza. Harufu si ya kupendeza kwa wengi, ila popo wanaipenda, na giza likiingia huja wenyewe. Kesho yake ua limenyauka, limegeuka kahawia, mara nyingi liko chini.

Swali kwa mzee: nikiwa na watoto wa miaka sita na minane, mikokoni wataweza kutulia?

---

Mzee_Mikindani

Kukaa kimya nusu saa hawawezi mama, na usiwalazimishe, watachukia. Wape kazi. Kila mtoto achore duara kwa kijiti kwenye mchanga, upana wa sinia, ahesabu mashimo yaliyomo na vidonge vya mchanga vilivyolizunguka kila shimo. Shimo lenye vidonge vingi vibichi lina mwenyewe ndani, anatoka karibuni. Atakayemwona wa kwanza asipige kelele, ainue mkono. Dakika 10 zinatosha, kisha waacheni wacheze. Wavalisheni viatu vya kufunga, maji ya kunywa lita moja kila mtu, na saa nne hiyo kofia ni lazima. Mtoto ashikwe mkono penye tope jeusi laini. Pakavu penye mizizi midogo iliyosimama ya mchu ardhi ni ngumu zaidi, ila msiikanyage mizizi hiyo, ndiyo inayopumua.

---

Kijana_wa_Ligula

Nimeandika yote. Alfajiri nitaanza na mgomba wa nyuma ya jiko, upo mmoja wenye ua. Jumapili mwezi utakuwa nusu, kwa hiyo Mikindani nasogeza hadi Jumapili inayofuata. Mzee, kwa Jumapili hiyo nitoke Ligula saa ngapi?

---

Mzee_Mikindani

Uwe umeshuka Mikindani saa mbili na nusu. Ukishuka, waulize wanaotengeneza nyavu ufukweni maji yanapwa saa ngapi leo. Watakuambia kwa usahihi kuliko hesabu yangu.